Mfuko wa Papa na Kofia ya Amisi

Sisi tuliokulia Kindu nchi ingali inaitwa Zaire, ukitutazama nyayo utatujua. Tulikimbia pekupeku juu ya kokoto za reli, tukacheza nzango, mchezo wa kuruka wa makundi mawili, mpaka vumbi likatupanda magotini, tukachuma mapera ya watu tusiowaomba ruhusa. Asubuhi shuleni, kabla ya hesabu na kusoma, tulijipanga mbele ya bendera ya kijani tukaimba na kukata viuno kwa sifa za chama, hata wale wasiojua kuandika majina yao. Jumamosi ilikuwa salongo, kazi ya lazima ya usafi, mtaa mzima na majembe na fagio. Ukikutwa umelala, shauri yako. Watoto wa leo wakiambiwa wafagie mbele ya mlango wao wenyewe wanashika kiuno kama wazee wa pensheni.

Nakumbuka harufu ya sombe, majani ya muhogo, ikichemka na mawese, na wali wa Kibombo uliojaza chumba kabla haujafika mezani. Lakini zaidi ya yote namkumbuka baba yangu akitembea. Papa alitoka Kasai kufuata kazi ya reli, na sijapata kumwona mtu asiyeweza kukaa kitako kama yeye. Alikula amesimama. Alisikiliza redio akizunguka meza. Mama alikuwa akimwambia, "Papa Ngalula, kaa basi, kiti hakina miiba," naye anakaa, anasimama tena kabla Mama hajamaliza kucheka. Ngalula ni mimi, mzaliwa wa kwanza, na nadhani ugonjwa huo nimeurithi.

Kitu kimoja tu kilimtuliza: mfuko wake wa mazingaombwe. Aliuona kwa msanii mmoja wa kupita, akamweleza Mama, na Mama akaushona kwa cherehani yake: mfuko mwekundu wa veluru, mdomo wake umezungushiwa pete ya chuma, na mpini wa mbao wa kushikia. Jumapili alasiri Papa alivaa abakosi yake nyeusi, lile koti la enzi zile lisilo na tai, akaenda kwenye sali, ukumbi wa wafanyakazi wa reli, na Kindu yote ikamfuata. Walikuja Waislamu wenye kofia zao, Wakristo waliotoka misa, wafanyabiashara wa Kivu ya Kaskazini waliofunga maduka mapema, wamama wenye watoto mgongoni. Papa aligeuza mfuko nje ndani, akapitisha mkono, akaupiga kofi ili wote waone ni mtupu. Kisha akatia leso nyeupe, akatoa za kijani. Akatia punje za mahindi, akatoa bisi. Kila mara aliuliza:

"Macho yenu iko wapi?"

"Kwako!" sali nzima ikajibu.

"Basi mumepotea!"

Na kweli tulikuwa tumepotea, maana leso zilikuwa zimekwisha geuka.

Jirani yetu pale mtaani Mikelenge aliitwa Mama Zaina. Alikuwa mjane, akikaanga mikate ya mchele ambayo ilitufanya tuamke bila kuitwa. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Amisi, kijana mrefu, mcheshi, aliyeimaliza shule na kazi hakuipata. Jumapili moja Papa alimwita Amisi jukwaani, akamvua kofia, akaitumbukiza mfukoni. Ikatoka kamba ndefu ya vitambaa vya rangi. Kofia hakuna. Amisi akajishika kichwa, watu wakacheka hadi machozi.

"Papa Ngalula, kofia yangu?"

"Imeenda safari," Papa akasema. "Itarudi ikichoka."

Baada ya watu kutawanyika, nyuma ya sali, Papa alimrudishia kofia yake. Mimi nilikuwapo, niliona. Lakini wale mamia walikwenda makwao na picha moja: kofia ya mtoto wa Zaina imeingia, haikutoka.

Kesho yake alfajiri Amisi akaondoka nyumbani. Hakuaga mtu. Aliondoka na kofia yake kichwani, basi hata hiyo haikubaki kututetea.

Mwanzoni watu walisema kijana kaenda kutembea. Juma likapita, na lingine. Halafu maneno yakaanza, pole pole, kisimani na sokoni: kofia iliingia, mwenye kofia kafuata. Mkate wa asubuhi ukakoma kuja kwetu. Wenzangu wa nzango wakawa wakiniona wanahesabiana na kukuta kwamba tayari wametimia. Jumapili sali ilikuwa na viti vitupu, na waliokuja waliuliza kwa sauti ya chini kama mlango wa nyuma uko wazi. Siku moja mkuu wa chama wa mtaa akaja kwetu, akakataa kiti.

"Sitwayeni," akamwambia Papa, maana ndivyo raia walivyoitwa wakati ule, "chama hakitaki mambo ya ulozi hapa. Huyu mutoto atafutwe. Asipopatikana, weye njo utaeleza, na si kwangu."

Papa alizunguka meza siku ile mpaka sakafu ikalalamika. Mama alikuwa akishona, akasimamisha cherehani.

"Waonyeshe ndani ya mufuko."

"Siri ya mufuko njo mufuko wenyewe," Papa akasema. "Nikiwaonyesha, nitabaki na kitambaa tu."

"Na usipowaonyesha utabaki na nini? Watoto wako hawachezi na mutu. Mufuko huu nimeushona mimi kwa mikono yangu, na sikushona ulozi ndani."

Nilikuwa na umri wa kuelewa kwamba wote wawili walikuwa na haki, na hilo liliniumiza kuliko kama mmoja angekuwa mwongo.

Aliyekata shauri ni Mama Zaina mwenyewe. Alikuja mchana, mikono bado ina unga. Tulidhani amekuja na matusi. Alitoa kwenye kitenge kofia kuukuu ya Amisi, aliyoivaa akiwa shuleni, akaiweka mezani.

"Papa Ngalula, sikuja kugombana," akasema. "Siku ile ulitia kofia, ukatoa vitambaa. Leo tia kofia, unitolee mutoto."

Papa alimtazama, akatazama kofia. Kisha akaenda kuuchukua mfuko, akauweka katika mapaja ya yule mama, akamshika mkono na kuuingiza ndani. Akamwonyesha jinsi katikati ya mfuko kulivyoshonwa kitambaa kingine, ukuta mwembamba unaougawa vyumba viwili, na jinsi ukizungusha mpini ukuta unavyolala upande huu au ule. Chumba kimoja kinafunguka, cha pili kinajificha. Basi. Hapakuwa na zaidi.

Mama Zaina akauzungusha mpini. Akauzungusha tena. Akatia kofia, ikapotea, akazungusha, ikarudi.

"Njo hivi tu?"

"Njo hivi tu, mama."

Machozi yakamtoka, makubwa, bila sauti. "Afadhali ungekuwa mulozi," akasema. "Mulozi angejua kumurudisha."

Alipoondoka, aliisahau kofia mezani, au aliiacha makusudi. Papa hakuzunguka meza tena. Alisimama mlangoni, mikono nyuma, akitazama barabara. Kisha akavaa viatu, akaenda dukani kwa mfanyabiashara mmoja wa Kivu ya Kaskazini mwenye kamio, malori ya kubeba mchele. Akarudi na habari: dereva mmoja alikumbuka kijana mrefu mwenye kofia aliyepanda juu ya magunia kuelekea upande wa Lubutu. Papa akaomba konji, likizo ya kazini, akapewa kwa manung'uniko. Mama alimkuta akifunga nguo.

"Lubutu unajua mutu?"

"Sijui."

"Njia inakatika mvua ikinyesha."

"Najua. Siwezi kukaa, mama Ngalula. Nimejaribu."

Mama akaenda kumfungia chikwange ya muhogo na samaki wa moshi. Papa alichukua na mfuko, na ile kofia kuukuu. Alivuka mto Lualaba kwa kivuko, akapanda kamio upande wa pili, nasi tukabaki tunapunga mikono kwa vumbi.

Sijui kama msomaji wa rika langu anakumbuka kungoja kwa wakati ule, bila simu. Kungoja ni kazi, tena ya sulubu. Mvua zilianza. Kila kamio iliyonguruma ng'ambo ilinifanya nishuke mtoni mbio, daftari zikining'inia. Niliwaona wanashuka wauza ndizi, wanajeshi, masista, mbuzi. Shuleni niliimba mstari wa sifa za chama mahali pa jibu la hesabu, mwalimu hakujua anichape au anipongeze. Mtaani wakatunga maneno mapya: fundi amejitia mwenyewe mfukoni. Mama alishona nguo, akazifumua, akazishona tena. Na jambo la ajabu, Mama Zaina alianza kuja kwetu kila alasiri. Walikaa pamoja, wanawake wawili wanaongoja, wakimenya mihogo ambayo hakuna aliyekuwa na njaa ya kuila. Siku moja mtu alipopita barabarani akisema neno juu ya ulozi, Mama Zaina alimfuata na kisu cha mihogo mkononi.

"Mufuko nimeuingiza mkono mimi!" akapiga kelele. "Weye umeingiza nini, zaidi ya mudomo?"

Lakini siri hakuitoa. Hata siku ile.

Papa alirudi mvua zikianza kupungua. Pale kivukoni sikumtambua. Mtu mwembamba, ndevu, kando yake kijana mrefu anayechechemea na fimbo. Nilisimama kama mti. Mama Zaina alinipita mbio, sijawahi kuona mwanamke wa umri ule akikimbia hivyo, akamfikia mwanawe palepale kwenye ubao wa kivuko, akamchapa kofi la mgongoni, la pili, kisha akamkumbatia hadi wasafiri wengine wakashindwa kushuka.

"Mama, nilitaka kurudi na kitu," Amisi alikuwa anasema. "Sikutaka kurudi mikono mitupu."

"Na mikono yako nilikuomba ijae nini?"

Habari yote tulielezwa jioni, Papa akiwa amekaa. Ndiyo, amekaa, kwa kuwa miguu ilikuwa imevimba. Kila kijiji alichofika alifanya mazingaombwe uwanjani ili apate chakula na mahali pa kulala, na kila mara alianza na ile kofia. Aliiinua juu akasema: "Hii ni kofia ya Amisi, mutoto wa Mama Zaina, wa Mikelenge, Kindu. Mama yake hali chakula." Ndipo akaitumbukiza. Watu walikuja kutazama kiinimacho, wakarudi nyumbani na jina. Jina likatembea kuliko yeye. Alipofika Obokote, mwanamke mmoja katika umati aliondoka kabla bisi hazijatoka, akakimbilia shambani kwake, ambako yeye na mume wake walikuwa wamemhifadhi kijana mmoja aliyetoka kuchimba dhahabu msituni na mguu umeoza kwa kidonda.

"Kuna mutu iko anatia jina yako ndani ya mufuko," akamwambia.

Amisi alisema aliogopa kwanza. Kisha akaelewa, akacheka, halafu akalia, maana hakuwa amefikiri kwamba kuna mtu angeweza kumtafuta. Papa alikaa naye pale, akiwasaidia wale wenyeji kulima, mpaka mguu ukaweza kukanyaga. Ndiyo sababu alichelewa.

Sali ikajaa tena. Waliomwita Papa mlozi ndio waliogombea viti vya mbele, na yeye hakumkumbusha mtu. Mama Zaina aliketi katikati yao, na kofia ya mtu ikipotea alipiga ukelele kuliko wote, mikono kichwani, kana kwamba hajapata kuona kitu kama kile. Watu wakiona hofu yake, nao wanaogopa zaidi. Papa alipaswa kumlipa kama msanii.

Wote watatu wamekwisha tutoka, Papa, Mama na Mama Zaina. Mungu awalaze pema. Mimi naishi Bukavu siku hizi, na wajukuu wanaojua kila kitu kabla hawajakiona. Juzi mmoja alinionyesha kwenye simu video ya mfuko kama ule, mzungu fulani anaupasua kwa mkasi na kuonyesha ukuta wa ndani, dakika moja, imekwisha. "Nkambo, ni rahisi tu," akaniambia, na kidole chake kikawa tayari kimepita kwenda kwa paka anayecheza dansi. Sikumkasirikia. Kweli ni rahisi. Nikamwambia sisi tulikuwa tunajua watu wachache na tunawajua sana, ninyi mnajua dunia nzima na hamjui anayekaa upande wa pili wa ukuta. Akacheka, akaniuliza, "Na weye, Nkambo, unamujua?"

Ng'ambo ya ukuta wetu wa kulia kuna mama amehamia tangu kiangazi. Mwanawe, nasikia kwa wapita njia, amekwenda kwenye machimbo na simu yake haiiti. Mchana kutwa namsikia anatembea, kutoka mlango hadi dirisha, kutoka dirisha hadi mlango. Mwendo huo naujua. Jina lake silijui.

Nilisimama, nikatafuta viatu vyangu. Mjukuu akauliza naenda wapi. Nikamwambia siwezi kukaa, nikatoka kwenda kupiga hodi.