Ukuta wa Magharibi wa Drumlathie

Dugald Petrie alikuwa mwashi mwana wa mwashi, na kwa miaka hamsini aligombana na vitu viwili: saruji na mabwana wenye majumba. Alivitukana baani, dukani, hata mazishini.

Si kwamba alisema uongo. Jumba la Drumlathie lilijengwa na tajiri wa magunia wa Dundee, kwa mawe mekundu ya mchanga, mnara wa duara pembeni, kuta za ubavuni zikipanda kwa vidato mpaka kileleni mwa paa. Baada yake wakaliuziana watu wa London, waliokuja Agosti tu kuwinda kwale. Wa mwisho, Kapteni Strachan, aliliacha livuje mpaka akafa. Hapo wanakijiji wakaungana wakalinunua.

Jumamosi moja wakakusanyika uwanjani kumsikiliza mhandisi, binti mmoja kutoka Perth. Alikuwa ameugonga ukuta wa magharibi huku na huku, na mawe yalikuwa yakibanduka mkononi mwake kama maganda ya kitunguu.

"Umejengwa upya kwa saruji," akasema. "Maji hayatoki, yanaganda ndani, yanapasua jiwe. Kama saruji imefika katikati, hakuna dawa. Ushushwe, na mnara utaondoka nao."

"Ushushwe na nani?" Dugald akafoka. "Babu yangu ndiye aliyeusimamisha! Wewe umezaliwa juzi, unajua nini?"

"Punguza moto, mzee," akasema Senga Lumsden, mwenyekiti wao, aliyeendesha posta ya kijiji mpaka ikafungwa. "Chai ipo kwenye chupa."

"Chai kunywa mwenyewe! Hawa mabwana, Senga! Jumba kwao pambo la Agosti! Wamelitumia, wamelichoka, wametuachia mzoga tuuzike sisi!"

"Sema, baba!" watu wakashangilia.

"Tuandike hivyo hivyo," akasema Senga akitoa kalamu na daftari la mikutano. "Kwamba Kapteni alileta mafundi wa ovyo kutoka mjini, wakauharibu. Halafu Jumatatu tuite watu wa kubomoa."

Dugald akawageuzia mgongo. Waliomfahamu walishangaa, maana hapo ndipo alipokuwa akipamba moto. Aliutazama ukuta, akamtazama Senga anavyoandika, na hasira ikampanda upya, safari hii haikuwa na bwana wa kumwangukia.

"Futa," akasema.

"Nifute nini?"

"Mafundi wa mjini. Hawakuwapo. Ni mimi." Sauti ilimtoka kwa ukali kana kwamba wao ndio wamekosa. "Mwaka sabini na tano. Baba alikuwa mgonjwa kitandani, ukuta haujazibwa, wageni wa Kapteni wanafika baada ya wiki. Chokaa inataka subira. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, subira sina. Nikajaza saruji."

Mmoja nyuma akanong'ona, "Nyani haoni kundule."

"Nimesikia!" Dugald akamgeukia. "Nitukane ukimaliza kusikiliza. Sikujenga upya. Nilipaka kwenye viungo vya mawe tu, kina cha kidole. Nyuma yake ni chokaa ya babu."

Akampokonya mhandisi patasi na nyundo. Akapiga mara tatu. Kipande cha saruji kikadondoka, na nyuma yake chokaa nyeupe, nzima. Binti akaingiza kidole, akaisugua, akaitikia kwa kichwa taratibu.

"Ukuta unapona," akasema. "Itachukua mwaka kuing'oa yote kwa mkono, lakini unapona."

Senga hakufurahi. Alikuwa amekunja uso, kalamu ingali mkononi.

"Miaka hamsini, Dugald. Miaka hamsini unatupigia makelele sisi. Baba yako alijua?"

"Alitoka kitandani akaja kuuona." Dugald akairudisha patasi kwenye kiungo, akapiga tena, kwa nguvu zaidi. "Aliishi miaka sita baadaye. Hakunishikisha tena mwiko wake wa uashi."