Sketi ya Mapokezi

Kwa miaka sita Mama Pacha alikwenda kazini nyuma ya pikipiki ya mtu mmoja, na mtu huyo hakuwa na papara hata chembe. Kijiweni walimwita Taratibu. Madereva wenzake walimtania kwamba abiria wake hupanda vijana na kushuka wazee. Naye alicheka pamoja nao, kisha akangoja wateja wake wale wale: mwalimu wa hesabu, fundi saa mwenye miwani mizito, na Mama Pacha, aliyepokea wageni katika hoteli moja upande wa pili wa mji.

Mumewe Mama Pacha aliondoka pacha wakiwa na miezi minane. Alisema anakwenda kutafuta kazi, na hiyo ikawa ndiyo kwaheri. Tangu hapo mezani pale pa mapokezi ndipo palipowalisha wasichana wale wawili, mama yake mzazi na yeye mwenyewe, na kazi hiyo aliishika kama yai. Alijua kumtuliza mgeni aliyepotelewa na begi, alijua kucheka na asiyechekesha, na alijua kusimama saa nane bila kuegemea ukuta.

Tatizo lilikuwa sketi. Sare ya mapokezi ilikuwa ya kijivu, imebana kuanzia kiunoni mpaka chini ya magoti, na mpasuo wake wa nyuma haukutosha hata kupandia ngazi mbili kwa pamoja. Meneja, mama wa makamo ambaye wafanyakazi walimpachika jina la Pasi kwa kuwa hakuwahi kuonekana na kunjo, si kwenye nguo wala usoni, aliwakagua kila asubuhi kabla ya zamu kuanza. Kwa sketi ile mtu hawezi kupanua miguu juu ya pikipiki. Mama Pacha alikaa upande, miguu yote miwili ikining'inia kushoto, mkono mmoja begani kwa dereva, mwingine kwenye mkoba.

"Dada, hivi umekaa kama mzigo wa kuni," Taratibu alimwambia wiki ya kwanza. "Ila kuni huwa nazifunga kamba. Wewe sijakufunga."

Hakuchoka kumfundisha. Usipande mpaka nikanyage chini kwa miguu yote miwili na nikwambie panda. Pandia kushoto, ekzosi iko kulia, itakubabua shavu la mguu. Kaa mkao wa kupanda farasi, unisogelee, miguu iwe kwenye vikanyagio hata tukisimama. Bega langu liache, linahitaji kugeuka. Shika kiuno au shika keria huko nyuma. Nikilala kwenye kona, lala nami, usinivute upande wako, tazama juu ya bega la upande tunaokwenda. Na tukifika kwenye mzunguko, habari za mumeo zingoje kwanza.

Alikuwa na helmeti ya pili, ya abiria, na kitambaa cha kuvaa ndani yake alichokifua kila Jumapili. Kabla ya kuondoka alipitisha kidole chini ya kidevu cha Mama Pacha kukagua mkanda. Kimoja kipite, viwili visipite.

Siku moja ya mapumziko Mama Pacha alivaa suruali, akapanda mkao ule aliofundishwa, wakaenda sokoni. Alirudi nyumbani akamwambia mama yake kwamba miaka yote ile alikuwa hajui kupanda pikipiki. Mgongo haukumuuma. Matuta yalipita kama si matuta. Alikuwa amezoea kufika kazini shingo imekakamaa na roho iko mkononi, akidhani ndivyo pikipiki ilivyo.

Basi akaanza kwenda kazini na suruali, sketi ameikunja vizuri kwenye mkoba. Aliingilia mlango wa nyuma, akabadilisha katika chumba cha wafagiaji, akatokea mapokezi akiwa amenyooka kama wengine. Mambo yakaenda hivyo miezi miwili, mpaka asubuhi moja Pasi alipomkuta anashuka.

"Hiyo ndiyo sare yetu?" Pasi aliuliza.

"Hapana, bosi. Ni ya njiani tu. Nabadilisha ndani."

"Na mgeni anayechungulia dirishani, atajuaje kwamba ni ya njiani?"

"Pikipiki ni hatari kukaa upande, bosi. Ningeomba tu ruhusa..."

"Omba kwa maandishi."

Akaandika. Barua yake ilikuwa ya adabu, nusu ukurasa, ikieleza umbali, barabara na mkao. Ilirudi baada ya siku nne, pembeni pameandikwa kwa kalamu nyekundu: Hairuhusiwi. Mfanyakazi afike akiwa katika sare kamili. Chini yake palikuwa na saini. Mama Pacha aliiweka kabatini, chini ya vyeti vya kuzaliwa vya pacha, na kesho yake akavaa sketi.

Taratibu alimtazama, akazima injini.

"Mimi sikubebi hivyo tena, dada. Nimeshakuona ukikaa vizuri. Siwezi kujifanya sijui."

"Sheria ya kazi."

"Basi tafuta mwingine asiyejua."

Alitafuta. Wiki mbili alipanda na yeyote aliyesimama. Mmoja aliongea na simu aliyoichomeka ndani ya helmeti. Mwingine alimpakia na gunia la mkaa. Wa tatu alikataa kwenda mpaka apate abiria wa pili, na siku hiyo Mama Pacha alichelewa, ikawa mara ya pili mwezi ule. Akarudi kijiweni kwa Taratibu, akasimama mbele yake, machozi yakimlengalenga.

"Nikichelewa mara ya tatu wananiondoa. Nibebe tu, kaka yangu. Nenda hata mwendo wa baiskeli."

Taratibu alikuwa mtu wa huruma, na huruma ndiyo iliyomponza. Akachukua ile helmeti, akampa.

Ilikuwa Alhamisi, saa moja kasorobo asubuhi, lami ina unyevu wa mvua ya alfajiri. Walikuwa wakienda polepole kiasi kwamba baiskeli moja iliwapita. Mbele yao gari dogo la kusambaza mikate lilitoka kinyumenyume kwenye geti, ghafla, bila kupiga honi. Taratibu alifunga breki na kukwepa kulia. Pikipiki iliyumba, ikasimama salama, haikugusa gari wala ukuta. Abiria aliyekaa vizuri angetikisika tu na kulaani kidogo. Mama Pacha, miguu inaning'inia, hana cha kubana wala cha kukanyaga, aliteleza chali na kuangukia ukingo wa barabara.

Helmeti iliokoa kichwa. Paja la kushoto lilivunjika juu, karibu na nyonga, na alilisikia linavunjika.

Taratibu aliitupa pikipiki, akakaa kando yake, akazuia kila mkono uliotaka kumnyanyua. "Msimguse mguu. Leteni ubao." Alienda naye hospitali, akakaa kwenye benchi la korido mpaka jioni, na kesho yake akarudi na chupa ya maji na gazeti. Mama yake Mama Pacha alimwita mwanangu.

Siku ya tatu alikuja Pasi. Alileta matunda yaliyofungwa kwenye karatasi inayong'aa, akavuta kiti, akauliza maumivu yakoje, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita akamwita mdogo wangu.

"Watu wa idara ya kazi wamesikia," alisema. "Wanauliza maswali ya sare. Ile barua yako, nakala unayo?"

Mama Pacha akasema sijui iko wapi.

"Vizuri. Kampuni iko tayari kulibeba hili, matibabu yote, na nafasi yako itakungoja. Ila lazima ijulikane ajali imesababishwa na nini." Akatoa karatasi iliyokwisha kuchapwa. Iliandikwa kwamba abiria alikuwa amekaa ipasavyo, na kwamba dereva alikuwa akienda kasi na kuyapita magari bila uangalifu. "Polisi wanaihitaji leo. Soma, usiharakishe."

Aliisoma mara mbili. Upande wa pili wa kitanda kulikuwa na chuma kilichoshikilia mguu wake hewani, na daktari alikuwa amesema upasuaji ni Jumatatu kama malipo kutoka ofisini kwake yatakuwa yamekamilika. Akawafikiria pacha, waliokuwa wakianza darasa la kwanza. Akamfikiria Taratibu pia. Hakuna aliyeweza kusema baadaye kwamba hakumfikiria.

"Hakuwa anakwenda kasi, bosi," alisema.

"Wewe ulikuwa nyuma, ungeonaje mshale wa spidi?" Pasi akamwekea kalamu kwenye kiganja, akavifunga vidole vyake juu yake kwa upole, kama anamfundisha mtoto.

Akasaini.

Mama yake aliingia Pasi akitoka. "Umesaini nini, mwanangu?"

"Karatasi za kazi, mama."

Jioni ile Taratibu hakuja, wala iliyofuata. Alinyang'anywa leseni. Pikipiki ilikuwa ya kaka yake mkubwa, naye aliichukua na kumpa shemeji aiendeshe. Kijiweni waliokuwa wakimcheka kwa upole wake sasa walisema kumbe upole ule ulikuwa geresha tu.

Mama Pacha alirudi kazini baada ya miezi mitano, mguu mmoja umepungua urefu wa kidole. Nafasi yake ilikuwa imemngoja kweli, lakini si mezani. Pasi alimpeleka chumba cha simu, nyuma ya jiko, chumba kisicho na dirisha. "Wageni wasije wakakuonea huruma," alisema. Mwaka uliofuata hoteli ilipata wamiliki wapya, wakaleta mshonaji, na wasichana wa mapokezi wakapewa suruali za bluu kwa sababu zilipendeza kwenye picha. Pasi alizisifu mbele ya mkutano kama wazo lake. Mama Pacha alikuwa amekaa mstari wa mwisho. Alipiga makofi na wenzake.

Wiki hiyo alitoa barua ile kabatini akaipeleka kituoni. Askari wa mezani aliisoma, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kingine, akamuuliza kama anafahamu kwamba kutoa maelezo ya uongo ni kosa. Faili limefungwa, alisema. Akitaka lifunguliwe, litafunguliwa na jina lake likiwa juu. Mama Pacha aliikunja barua akatoka. Alijiambia atarudi Jumatatu. Jumatatu ilipita.

Alimpata Taratibu nyuma ya kituo cha mafuta, akiosha pikipiki za watu, suruali imekunjwa mpaka magotini. Alikuwa amekonda. Alisikia mguu ukiburutwa, akageuka kabla hajaitwa.

"Nilikwenda polisi," Mama Pacha alisema. "Kusema ukweli."

"Ukausema?"

Taratibu akachukua brashi, akainama kusugua matope kwenye cheni.

"Walinisomea maelezo yako pale," alisema bila kuinua kichwa. "Nikawaambia haiwezekani, yule mama namjua, labda wamemwandikia wakati hajitambui. Nikabisha nao asubuhi nzima. Ndipo wakanionyesha saini."

"Nilikuwa na watoto, kaka."

"Mimi nina watatu."

Kijana mwenye pikipiki akauliza kama imekuwa tayari. Taratibu akamwambia bado kidogo, akajaza ndoo. Mama Pacha alisimama akingoja neno jingine, hata la matusi, maana matusi angeyapokea. Halikuja. Maji machafu yalitiririka mpaka kwenye viatu vyake, naye akarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, akaondoka.