Idi na Hesabu za Siri

Mwanangu, kuna siku moja haijanitoka mpaka leo. Nilikuwa kijana, nimebeba tenga la njegere kutoka kwetu milimani kushuka Morogoro Mjini. Nikalifunika kwa majani ya mgomba, nikafunga kamba, juu nikaongeza gunia, watu wa njiani wasije wakazitia jicho. Enzi hizo miguu yangu ilikuwa miguu, siyo hivi vijiti. Kufika sokoni nafungua, zinafuka mvuke, zimekuwa za njano. Mama mmoja mnunuzi akanusa, akasema, "We kaka, umezificha mpaka umezipika! Kazile mwenyewe." Soko zima likacheka.

Njegere zile hunijia kila nikimfikiria Idi, mtoto wangu wa kumzaa.

Mimi shule niliishia darasa la pili. Idi hesabu alizitoa wapi, sijui. Alipokuwa chuo kikuu, kila likizo alichora hesabu zake kwa mkaa ukutani mwa jiko, kisha anamwita mama yake aje aone. Mama yake anapiga vigelegele, na haelewi hata kimoja. Idi anafurahi hivyo hivyo.

Mwaka juzi akaja bwana mmoja wa serikali, mpole, viatu vimejaa tope la kwetu. Ofisi yao inafungua ujumbe wa maadui uliofichwa kwa namba, ikamtaka Idi. Walishamfuata chuoni, akakataa. Bwana yule hakuficha tabu yao: wenye vichwa hivyo huchukuliwa na makampuni ya nje, wengine wanataka kufundisha, na wanaokubali huchoshwa na ukimya. Alitueleza vizuri kabisa, sisi wazee. Sasa ona alichofanya. Alikuwa ameulizia mila, akajua kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, mwenye kauli ni mjomba. Basi akanipita mimi baba mtu, akaenda kwa shemeji yangu Salumu, na adabu zote, kama anayeposa.

Salumu akalewa sifa. Akamwita Idi barazani kwetu, mimi na yule bwana tumekaa hapo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nimeshakubali. Utakwenda."

"Mjomba, nikigundua kitu huko, nitamwonyesha nani?"

"Humwonyeshi mtu! Ndiyo heshima yenyewe hiyo."

"Hata mama?"

Yule bwana akatazama viatu vyake. "Hata mama," akasema.

Nikasema, "Jamani, mwacheni achague."

"Shemeji," Salumu akanijibu, "kwenye ukoo huu wewe ni mgeni. Kunywa chai yako."

Chai ile ningali naisikia kooni, chungu.

Sikia, mwanangu. Ukimtaka mtu kwa ajili ya kichwa chake, zungumza na yeye, umwambie ugumu wote, na akikataa mwache aende mkiwa bado mnasalimiana. Ukipitia kwa mjomba wake utapata ndiyo ya mjomba, na mjomba hajui hesabu. Na wewe uliyejaliwa kipaji, Mwenyezi Mungu akupe watu wa kuwaonyesha, akuepushe na wanaokupenda kwa kukufunika. Amina.

Maana Idi hakubishana. Aliingia jikoni, akalowanisha kiganja, akafuta ukuta wote. Mama yake akauliza, "Unafuta kabla sijaona?" Idi akajifuta masizi mkononi. Akatoka, akatupita pale barazani, akashika njia ya kushukia Msamvu kwenye mabasi. Salumu akacheka, akasema mwacheni apoze hasira, jioni atarudi.

Hajarudi.