Tulivyoonjesha maharage Kasulu kwa "objectivity", na sufuria C ikashinda

Wakuu, heshima kwenu.

"Binti, haya yanayokataa kuiva ndiyo yale tuliyoyasifia?"

Hilo swali aliniuliza Mama Zawadi, mkulima wa kijiji kimoja jirani na Kasulu. Nasimulia nilichokiona mwenyewe, anayetaka kubisha abishe.

Nilikuwa nimetoka chuo, nikapata kibarua kwenye mradi wa mbegu za maharage. Aina nne, sufuria nne, A mpaka D. Wanakijiji waonje, watoe alama, wagawiwe mbegu iliyoshinda msimu unaofuata.

Bosi wetu, tumwite Daktari, alihubiri neno moja tu: objectivity, yaani kupima bila kuegemea upande. Yapikwe muda sawa, bila chumvi wala mafuta. Sisi wafanyakazi marufuku kuonja, tusije tukaingiza hisia.

Yaani unapima ladha, halafu mdomo ni haramu!

Nikamuuliza, "Daktari, hata kijiko kimoja?"

"Dada, umekuja kutafiti au kula?"

Wenzangu wakacheka mpaka machozi.

Mpishi alikuwa Mama Eliza, mwenyeji wetu. Jikoni kwake hakuna aliyetia mguu. Daktari alikaa na laptop yake chini ya turubai, akiamini jiko la Muha wa huku Kasulu mwenye wageni ni maabara.

C ikaziacha nyingine mbali. Laini, nzito, watu wanalamba vidole.

"Namba hazina ndugu," Daktari akasema. Akaenda kutamba nayo semina Kibondo.

Mama Zawadi akala mbegu zake za zamani, akapanda C shamba zima. Alipovuna, alichemsha tangu asubuhi mpaka watoto wakalala njaa. Na huku kwetu kuni unazifuata mbali, zinazidi kuadimika. Sokoni nako wateja wakamrudishia.

Nikampelekea Daktari habari. Akajibu, "Wakulima ndivyo walivyo, leo wanasifu, kesho wanalalamika." Data yake safi, wachafu ni watu!

Sisemi sayansi ni uongo. Nasema anayejigamba kwamba hana upande aseme kwanza nani alishika mwiko. Mliopita kwenye miradi ya namna hii, hata mnaomtetea Daktari, uwanja ni wenu.

Jibu la swali la Mama Zawadi nilikuja kulipata baada ya miaka, msibani, Mama Eliza akisimulia bila wasiwasi wowote. Alijaribu kila aina siku moja kabla ya kuonjesha, akaona C ni ngumu kama kokoto, na aibu ya kulisha wageni maharage mabichi hakuiweza. Akaibandika tangu jioni. Zile tatu nzuri alizibandika asubuhi, kama alivyoagizwa.