Sanduku Lisilo na Misumari

Nilikasirika tangu siku ya kwanza, na sioni haya kusema. Binti yangu wa miaka mitano alikuwa ameacha kuongea. Anakojoa kitandani, chakula anakizungusha mdomoni mpaka unachoka kumtazama, na mwalimu wake ananiambia nimpeleke akacheze. Akacheze! Mimi ni seremala, karakana yangu iko Gisozi, hapo hapo nyumbani. Mtu akiniletea kiti kilichovunjika mguu, sichezi nacho.

Nilimpeleka hivyo hivyo, Kinyinya, kwa dada mmoja aliyesomea kutibu watoto kwa michezo. Chumbani mlikuwa na mkeka, beseni la mchanga na wanasesere. Mwanangu akamchukua mmoja, akamlaza ndani ya boksi la viatu, akafunika. Akafunua, akachungulia, akafunika tena. Saa nzima.

"Unafanya nini wewe?" nikamuuliza.

"Papa, usimuulize," yule dada akasema. "Mwache aseme kwa mikono."

Alipotoka nami nje akaniuliza mtoto ameambiwa nini kuhusu mama yake. Mke wangu alikuwa amefariki miezi minne kabla. Siku ya mazishi dada yangu alimficha mtoto kwa jirani, maana kwetu mtoto mdogo hapelekwi makaburini, na sote tukakubaliana kumwambia mama amekwenda Tanzania kusalimia ndugu.

"Ameambiwa mama amesafiri," nikajibu.

"Na anaamini?"

"Ana miaka mitano!" Nilimfokea mtu wa watu mbele ya mlango wake. Amenijulia wapi, huyu, hata anihukumu?

Jumamosi moja mtoto alitoka karakanani kwangu na vipande vya mbao. Akavipanga uani vikawa kisanduku, akamlaza humo mwanasesere wa vitambaa, akaweka kifuniko. Akafunua, akafunika. Dada yangu alipoona akavinyakua vyote, akavitupa kwenye jiko la mkaa.

"Huyu mtoto iko anaita kifo mu nyumba!"

Mtoto akapiga ukelele. Ilikuwa sauti yake ya kwanza baada ya wiki nyingi, na ilinipasua. Nikamgeukia dada yangu, mkubwa wangu, nikamwambia maneno ambayo sikuwahi kumwambia mtu wa tumbo moja. Akajifunga kitenge akaondoka bila kuaga.

Nikamchukua mtoto, nikaingia naye karakanani. Nikakata mbao nzuri, nikaziunga kwa gundi, yeye akazishika. Tukamlaza mwanasesere mwingine. Nikaweka kifuniko, nikachukua nyundo.

Akanishika mkono.

"Papa, usiweke misumari. Ya mama uliweka. Atafungua namna gani?"

Jeneza la mke wangu nililitengeneza mwenyewe, hapo hapo, na hapo hapo tukamlaza, nikapigilia kifuniko. Nikakumbuka sasa kwamba siku ile, kabla dada yangu hajamficha kwa jirani, mtoto alikuwa nyuma ya rundo la mbao akichezea maranda. Nilimwona. Nilimwona nikaendelea kugongelea, kwa sababu ni mtoto, anajua nini. Miezi minne alikuwa anamngoja mama yake afungue, na mimi namkasirikia mwalimu na yule dada wa michezo na dada yangu, kumbe mwongo wa kukasirikiwa alikuwa mimi.

Nikaweka nyundo chini.

"Hatafungua," nikamwambia. "Mama amekufa. Papa alikudanganya."

Akalia sana, nami nikalia. Kisha akachukua kifuniko, akakiweka juu ya sanduku, na mara hii hakukifunua.