Mke wangu alitoka maziwa bila kuzaa, nusura niivunje ndoa

Wakuu, poleni na majukumu. Haya yamenikuta mimi mwenyewe hapa Kasulu. Sijaongeza chumvi, na sehemu niliyokosea nimeiacha kama ilivyo.

Mimi na Devota tuna ndoa ya miaka mitatu, mtoto bado. Yeye ni fundi cherehani, mimi nanunua maharage Kitanga nauza mjini.

Siku zake zilianza kuchelewa, baadaye zikakata kabisa. Tukapima mimba mara tatu, hakuna kitu. Kichwa nacho kikawa kinamuuma, nikadhani ni kwa kuinamia cherehani.

Asubuhi moja nikaona blauzi yake imelowa kifuani. Maziwa, wakuu. Mwanamke ambaye hajawahi kuzaa.

Mama yangu alikuwa amekuja kutoka Muyama, naye akaona. Akanivuta uani.

"Maziwa hayaji bure. Muulize mtoto kamwacha wapi."

Badala ya kumtetea mke wangu, nikaenda kumuuliza kweli.

Devota hakulia. Aliweka mkasi chini akasema, "Twende hospitali wote wawili. Ukishasikia kwa masikio yako, ndiyo uamue."

Daktari akamhoji, akampima damu. Majibu yalipotoka akatueleza kwamba chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya harage, inaitwa pituitari. Hiyo ndiyo inayotuma homoni za kuamuru mayai yakomae kila mwezi. Hiyo hiyo hutoa prolaktini, homoni ya maziwa. Ya Devota ilikuwa juu sana, na ikipanda hivyo, zile amri za mayai zinazimwa. Mwili unajiona unanyonyesha.

Waliofuga watanielewa. Ng'ombe mwenye ndama anayenyonya sana huchelewa kutafuta dume.

Nikauliza, "Kwa hiyo si lazima awe alishazaa?"

"Hapana. Hata ambaye hajawahi kushika mimba inamtokea."

Nilishindwa kumtazama mke wangu. Njia nzima ya kurudi nilikuwa natafuta pa kuanzia. Tulipofika nikamwambia tu, "Nisamehe." Akasema ameshasikia, nikateke maji.

Tulipewa rufaa ya Mwanza kwa kipimo cha MRI. Kikaonekana kivimbe kidogo kwenye tezi. Si saratani, na hakikuhitaji kisu. Dawa ni vidonge, mara mbili kwa wiki.

Nikampigia mama nikamweleza yote. Akasema, "Mpe simu mwanangu Devota." Waliongea Kiha muda mrefu, Devota akiwa nje. Sikuwafuata.

Maziwa yakakauka. Mwezi wa tatu wa dawa, nikiwa Kitanga napima mzigo, simu ikaita.

"Zimekuja," Devota akasema, akaanza kucheka.

Nilikaa juu ya gunia nikafuta machozi. Watu wakaanza kunipa pole wakidhani nimefiwa.

Wanaume wenzangu, mwili wa mkeo ukifanya usichokielewa, anza na vipimo. Mimi nilianza na maswali, na yeye alikuwa na kila sababu ya kuondoka.

Kama kuna dada humu aliyetumia vidonge hivi akaja kupata mtoto, tuandikie hapa chini. Devota yuko pembeni yangu anasubiri kusoma.