Alama za Masizi Ukutani

Mjukuu wangu Ilda alizaliwa na miguu ya kazi. Mimi mwenyewe nilivushwa Ruvuma pale Kilambo nikiwa mgongoni mwa mama, enzi za vita vya Mreno, na ukoo wetu haujawahi kuzaa mlegevu. Alipoanza mpira, wanawake wa hapa Naliendele walisema atakosa mume. Niliwajibu, "Anayemtaka aanze kwa kumkimbiza."

Mwaka jana aliteguka goti la kushoto. Likapoa, lakini kocha wake, Husna, hakuridhika. Alimchovya vidole kwenye masizi ya sufuria, akamsimamisha kando ya ukuta wangu wa chokaa, akamwambia aruke kwa mguu mmoja na kugusa juu kabisa. Kwa mguu wa kulia vidole viliacha alama karibu na paa. Kwa wa kushoto, shibiri nzima chini yake.

"Huo mguu bado umelala," Husna alisema. "Ukiruka kupiga kichwa ukatua nao, goti linakwenda. Chuchumaa, inuka, kila siku. Alama zikilingana, utacheza mbele ya wale wanaokuja kuchagua wachezaji wa kwenda Dar."

Ilda alichuchumaa mpaka mapaja yakamtetemeka. Alama haikupanda.

Siku ya mechi Husna alikuja mbio, gari la timu linapiga honi barabarani. Ukutani palikuwa na alama mpya, sambamba na ile ya juu.

"Ruka nione."

"Kocha, nimeruka tangu alfajiri. Si hiyo hapo?"

"Unashangaa nini, mwanangu?" nikadakia. "Huyu ni mjukuu wa nani?"

Husna akacheka. Wakaondoka, nami nyuma yao.

Kipindi cha pili ikapigwa kona. Ilda aliruka juu ya wote, akapiga kichwa, mpira wavuni. Akatua na mguu wa kushoto. Mimi napiga vigelegele, yeye hainuki.

Hospitali alinishika mkono. "Bibi, ile alama niliipiga nikiwa nimesimama juu ya kinu."

Sasa anaburuza mguu. Daktari amesema mpira basi. Nafasi ya Dar alipewa binti mwingine.

Juzi nilikoroga chokaa nipake ukuta kabla ya Krismasi. Ilda alikuwa kizingitini akimenya muhogo, mguu ameunyoosha.

"Futa hiyo ya kinu, Bibi," alisema. "Ya chini iache. Ile niliruka."